Jinsi ya kuchagua oili ya Honda CG125 ya zamani (na wenzake)

Hii ni kwa wenye CG125 za Kijapani, zile zilizoanza kutoka 1976 na mpaka leo zingine zinapiga mzigo. Injini yake ndiyo iliyokopiwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda, kwa hiyo hata mwenye bodaboda asome tu. Kinachoniuma gereji ni kuona injini iliyojengwa ivumilie shida inauliwa na oili nzuri kabisa, ila siyo yake. Mtu anaingia duka la spea anasema nipe oili kali, anapewa ya gari ndogo ya bei juu, baada ya muda anakuja analalamika pikipiki inaunguruma tu mlimani haiendi.

Hatua ya 1: Jua oili inafanya kazi gani mule ndani

Gari ina oili ya injini na ya giaboksi mbali mbali. CG ina oili moja, kama lita moja tu, na hiyohiyo inalainisha pistoni na kemshafti, inapita kwenye meno ya gia, halafu plate za klachi zimeloa humohumo. Oili nyingi za gari za siku hizi zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari ile mafuta kidogo. Sasa klachi inaishi kwa msuguano, ukiuondoa inateleza. Ndo maana oili inaweza kuwa bora kwa gari na sumu kwa pikipiki yako.

Hatua ya 2: Geuza kopo usome nyuma

Mbele wameandika sifa, achana nazo. Nyuma tafuta neno JASO, likifuatiwa na MA au MA2. Hiyo ni alama ya Wajapani, ipo tangu 1998, inasema oili imepimwa kwa klachi inayoloa. MA2 inashika zaidi, zote mbili zinafaa. Ukiona MB weka chini, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu.

Kisha angalia duara la API, alama ya Wamarekani ya ubora wa oili. Juu kuna herufi kama SF, SG, SJ, SL, katikati namba za uzito (oili ni nzito au nyepesi kiasi gani), na chini kwenye baadhi ya makopo kuna maandishi "Energy Conserving" au "Resource Conserving". Ukiona hayo ya chini usinunue, maana ndo kukiri kwamba ile dawa ya kupunguza msuguano imo.

Hapa watu wengi wanachanganya, wanadhani herufi ikienda mbele ndo oili inazidi kuifaa kila injini. CG ni ya pushirodi (vijiti virefu vya kusukumia valvu), kemu yake iko chini na inasugua chuma kwa chuma, inategemea zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Kuanzia SM, oili nyepesi za gari kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi asilimia 0.08 ili kulinda kikatalisti (kisafisha moshi) cha kwenye ekzosi, kitu ambacho CG yako haina kabisa. JASO kwenye toleo la 2006 wao wanataka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12. Kwa hiyo kopo la SN lenye JASO MA ni sawa, la SN lisilo na JASO liache.

Hatua ya 3: Chagua namba

Namba yenye W ni tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili ni uzito wake ikiwa nyuzi 100. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa hiyo ya kwanza haikusumbui sana, ila Njombe au Limuru asubuhi utaisikia kwenye kiki. Mimi nagawa hivi: injini nzima, au sehemu za baridi, 10W-40. Injini iliyotembea sana, joto la pwani, abiria na mizigo, 20W-50. Na ujue meno ya gia yanaikatakata dawa nyingine iliyomo, ya kushikilia uzito, oili inakuwa nyepesi kabla hata haijawa nyeusi, kwa hiyo usisubiri rangi. Kwa kazi ya kila siku mimi namwaga kila kilomita 1,000 hadi 1,500.

Usiweke oili ya gia namba 90 ili kuficha moshi. Ikiwa baridi ni nzito, pampu ni ndogo, njia ni nyembamba, na roka zinazosukuma valvu kule juu ndo za mwisho kupata. Moshi wa bluu ni ringi au sili za valvu, fungua utengeneze. Na ile oili ya kupimiwa kwenye pipa, wanayokwambia ni SAE 40 (ya namba moja, haina W), sina ugomvi na SAE 40 yenyewe, vitabu vya zamani vilikubali hata SAE 30 kwenye joto. Ugomvi ni kwamba pipa halina lebo na hujui limejazwa nini.

Hatua ya 4: Mineral au synthetic?

Mineral inatosha, hela inayobaki umwage mapema zaidi.

Hatua ya 5: Mwaga vizuri

Washa dakika chache ipate moto, zima, spana 17 kwenye nati ya chini. Chota oili kidogo kwa vidole uisugue juani. Vumbi linalong'aa kidogo ni kawaida kwa injini ya umri huu, vipande unavyoweza kuvishika siyo kawaida.

CG haina filta ya karatasi. Ina kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krankshafti, ndani ya kava la klachi upande wa kulia, uchafu unarushwa pembeni na kuganda ukutani mweusi kama ukoko wa ugali. Mafundi wengi hawakifungui miaka na miaka. Ukinunua CG ya mtu anza hapo, kwangua, osha kwa petroli, weka gasketi mpya, ndo utie oili nzuri. Kupima kiasi cha oili, simamisha pikipiki wima na kijiti cha kupimia kiegeshe tu kwenye tundu, usikikaze.

Kama klachi ilishaanza kuteleza kwa oili ya gari, mwaga, tia MA, tembea siku chache, mwaga tena. Mara nyingi inarudi. Ikigoma, toa plate ubadilishe.

Wenye Yamaha DT na tustroku zingine (2T, zinazochoma oili pamoja na petroli)

Kwenye tenki la 2T tafuta JASO FC au FD. Huku pwani watu wanatia oili ya boti yenye alama TC-W3 kwa sababu ndo iliyopo karibu. Ile ni ya injini inayopozwa na maji. Pistoni ya DT nyingi za zamani inapozwa na upepo, inachemka zaidi, na oili ya boti inaacha kaboni ringi zinaganda. Giaboksi ya DT ina oili yake peke yake na klachi imeloa humo, kwa hiyo huko unarudi kwenye JASO MA kama ya CG, 10W-30 au 10W-40.