Kubadilisha bati la ubavu wa nyuma kwenye Mustang ya 1965 na 1966

Juzi nilikuwa namwelekeza kijana anayefufua Mustang ya 1966, gari la Ford. Karibu maswali yake yote yalihusu bati lililo chini, nyuma ya gurudumu, ambalo kutu hulila kutokea ndani kwa sababu tope na maji hukaa humo.

Hatua ya 1: Kagua. Pitisha sumaku, isiposhika, chini ya rangi kuna filla nene, yaani lipu ya kuziba mabonde ya bati. Halafu mwaga maji kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, mwenzako achungulie chini ya dashibodi. Yakidondokea miguuni, huko nako kumeoza, anza na huko.

Hatua ya 2: Shusha tangi la mafuta, lote. Kwenye magari haya tangi ndilo sakafu ya buti, na cheche zitakuwa zinarukia hapo hapo.

Hatua ya 3: Panga milango kabla ya kukata. Mustang haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo weka stendi chini ya eksili ili gari likae kama barabarani. Rekebisha bawaba za mlango na buti mpaka mianya ilingane.

Hatua ya 4: Kata kidogo, safisha kutu ya ndani.

Hatua ya 5: Chomelea. Hapa ndipo ubavu mzuri huharibika. Bati halifiki milimita moja, na kila weldi inapopoa husinyaa na kulivuta. Tumia MIG, mashine ya umeme inayosukuma waya yenyewe, yenye gesi ya kukinga weldi na waya wa milimita 0.6. Kuchomelea kwa moto wa mtungi wa gesi sikushauri kabisa kwenye bati pana, joto lake husambaa mno. Kiungo kiweke karibu na mkunjo wa bodi, kwa kuwa mkunjo ni mgumu kupinda. Katikati ya sehemu bapa utajuta. Unganisha ncha kwa ncha. Kulaza bati juu ya bati ni rahisi, lakini maji yatajificha katikati na kutu itarudi. Piga nukta moja ya weldi, hamia mbali, rudi pale tu kiganja kinapovumilia kugusa. Usipoze kwa kitambaa chenye maji. Baada ya nukta kadhaa, kinga kwa nyuma kwa chuma kizito na uigonge weldi taratibu ili itanuke tena. Bati likianza kuzama, simama ulinyooshe kwanza. Hata grainda hupasha joto, basi saga kwa vipindi.

Hatua ya 6: Praima ya epoksi (rangi ya msingi) kwanza, kisha filla isiyozidi milimita 3. Sugua kwa ubao mrefu, msasa namba 80, 180, halafu 320. Mkono mtupu huacha mawimbi yanayoonekana rangi ikishang'aa.

Hatua ya 7: Puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya ubavu, kisha zibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyo chini.