Lenzi ya 50mm f/1.8 ya bei nafuu: itadumu? Namna ya kuikagua kabla hujalipa

Mpwa wangu yuko Jinja na ameanza kupiga picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na arusi. Juzi alinipigia: "Mjomba, hii 50mm ya plastiki si itanivunjikia mikononi?" Nilimjibu ainunue, lakini asimpe muuzaji hela kabla ya kuikagua. Hatua nilizompa ndizo hizi. Nimezungumzia zaidi Canon maana ndiyo anayotumia. Nikon nimeigusa pale inapotofautiana. Na ile namba ya f, kama f/1.8, ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Hatua ya 1: Jua ni ipi unayouziwa

Lenzi za Canon EF 50mm f/1.8 ziko za aina tatu. Ya kwanza ilitoka 1987, ina kitako (sehemu inayofungwa kwenye kamera) cha chuma na kidirisha cha kuonyesha umbali. Ya pili, iliyoandikwa "II", ilitoka 1990. Ni plastiki mpaka kitako, ina uzito wa gramu 130 tu na bladi 5, yaani visahani vya kufunga na kufungua tundu la mwanga. Ya tatu ni STM (jina la aina ya mota yake ya fokasi) ya mwaka 2015, ambayo ilirudishiwa kitako cha chuma na kupewa bladi 7. Vioo vyake vimepangwa kama vya zile za zamani, kwa hiyo anayekuambia ya zamani ina "kioo bora" anataka tu kuiuza.

Nunua STM. Hata ikiwa ya mtumba, naichukua kabla ya "II" iliyo mpya ndani ya boksi. Ile "II" ikianguka, mara nyingi sehemu ya mbele huchomoka na kubaki vipande viwili. Mota yake nayo ina gia ndogo za plastiki, na ukiizungusha pete ya fokasi kwa nguvu swichi ikiwa kwenye AF (fokasi ya mota), gia hizo zinaliwa. Lenzi za kampuni nyingine zilizoiga umbo la "II" sizishauri kabisa.

Wenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, angalieni herufi. Kamera hizo hazina mota ndani, kwa hiyo 50mm f/1.8D haitajifokasi. Tafuteni AF-S 50mm f/1.8G au AF-S DX 35mm f/1.8G.

Hatua ya 2: Tazama kioo kwa tochi ya simu

Vua vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Lenzi ya Canon ikiwa nje ya kamera bladi zake hubaki wazi, kwa hiyo utaona hadi ndani. Ya Nikon ya herufi G hujifunga, basi sukuma kwa kidole kile kijiti kidogo kilichoko kwenye kitako ili ifunguke.

Chembe za vumbi mbili tatu ndani si kitu, picha hazitazionyesha. Cha kukukimbiza ni fangasi: nyuzi nyembamba zilizosambaa kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Ukiziona, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu ya bei. Lenzi zilizokaa Entebbe au popote kando ya ziwa uzitazame mara mbili.

Hatua ya 3: Jaribu bladi, na hapa usiharakishwe

Hatua hii wanunuzi wengi huiruka, na ndiyo iliyonilia jioni nzima na lenzi ya mtu mmoja iliyokuwa "nzima kabisa, inapiga vizuri tu". Na kweli ilikuwa inapiga, ila kwenye f/1.8 peke yake.

Kwenye hizi za Canon, bladi hufungwa na mota ndogo inayoendeshwa kwa umeme kupitia utepe mwembamba ulio ndani ya lenzi. Utepe huo ukikatika au mota ikifa, f/1.8 itaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu hapo bladi hazina haja ya kusogea. Dukani muuzaji atakupigia picha kwenye f/1.8, mandharinyuma yatayeyuka vizuri, nawe utatoa pochi. Kesho yake kwenye picha ya ukoo mzima unaweka f/8, kamera inakuandikia Err 01 (kosa la mawasiliano na lenzi) na kugoma.

Fanya hivi. Weka kamera kwenye M (unapopanga kila kitu mwenyewe), shata sekunde 2, f/16. Igeuze lenzi ikutazame, bonyeza, na uangalie ndani. Lazima uone bladi zikijifunga mara moja na kubakiza tundu dogo, kisha baada ya sekunde 2 zifunguke mara moja pia. Kwenye STM tundu hilo lina pembe 7, kwenye "II" pembe 5. Rudia kwenye f/4, f/8 na f/22. Bladi zikifunguka kwa uvivu, pengine zimeingia mafuta. Ukiona yanang'aa juu yake kwenye mwanga wa tochi, achana nayo.

Ikija Err 01, usihukumu bado. Kwanza zima kamera, vua lenzi, ufute vile vinundu vya rangi ya dhahabu vya kwenye lenzi na vya kwenye kamera kwa kitambaa safi kikavu kisichoacha nyuzi. Wapo wanaovisugua kwa ufutio wa penseli. Mimi sikubali, yale makombo huishia ndani ya kamera. Rudisha lenzi, jaribu tena f/1.8, halafu f/8. Kosa likitoweka kote, ulikuwa uchafu tu. Likirudi kwenye f/8 huku f/1.8 inapiga, ni bladi au utepe. Likija hata kwenye f/1.8, omba lenzi nyingine ya dukani uifunge kwenye kamera hiyohiyo, usije ukailaumu lenzi kumbe mgonjwa ni kamera. Na kama muuzaji hana kamera ya kujaribia, nenda na yako. Bila kamera, hakuna biashara.

Kuhusu kutengeneza: fundi anaweza kubadilisha utepe huo, lakini gharama ya kazi na kipuri huikaribia bei ya kununua lenzi nyingine. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi ufanyike kabla ya hela kutoka.

Hatua ya 4: Fokasi

Weka gazeti mezani, simama upande, lenga mstari mmoja wa maandishi kwa mshazari ukiwa umbali wa mita moja, f/1.8. Kwa kamera za sensa ndogo, sehemu inayokuwa kali hapo ni sentimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo kamera itulie juu ya kitu. Piga kwa kuchungulia kitunduni, kile cha kuwekea jicho, kisha piga kwa kutazama skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali na ya kitunduni ikiwa na ukungu, vioo ni vizima, tatizo ni kamera na lenzi kutopatana. Sikiliza pia mota: mvumo mdogo ni kawaida, kukwaruza au kukwamakwama si kawaida.

Hatua ya 5: Ilinde pua

Plastiki ya nje haina shida. Kinachoua STM ni ile pua inayochomoza mbele inapofokasi karibu. Ikigongwa ikiwa nje, nguvu yote inaingia kwenye mitambo ya fokasi. Na ukizima kamera pua ikiwa nje, inaweza kubaki nje, na pete haiwezi kuirudisha kwa sababu inategemea umeme wa kamera. Kwa hiyo kabla ya kuzima, lenga kitu cha mbali, fokasi, pua irudi ndani, ndipo uzime. Usiisukume kwa kidole kamwe.

Nunua hudi (kikingio kinachovalishwa mbele ya lenzi), ile ya ES-68. Inashikwa na mwili wa nje usiosogea, kwa hiyo ikigongwa kwenye nguzo ya hema, hudi ndiyo inayopokea. Filta ya kinga hufungwa kwenye pua yenyewe, yaani pigo unalipeleka kulekule usikotaka. Kati ya hela ya filta na ya hudi, toa ya hudi. AF-S 50mm ya Nikon haichomozi pua na ina mpira kwenye kitako wa kuzuia vumbi, hapo wametupiku.

Kwenye boda, lenzi ikae ndani ya begi lenye sponji, begi liwe mbele yako. Vumbi la murram lipulizwe kwanza kwa puto la mpira, ndipo ufute. Ukianza kufuta, unakikwaruza kioo kwa mchanga. Mvua ikianza, ifunike, STM haina mpira wowote wa kuzuia maji.

Nyumbani, miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, iweke kwenye kontena ya plastiki ya chakula yenye kifuniko kinachobana, pamoja na silika jeli ya kubadilika rangi. Rangi ikishageuka, ikaushe kwa moto mdogo, irudishe. Mchele hapana, una unga.

Mpwa wangu alipata STM ya mtumba iliyopita hatua zote. Chini ya hema la kwanjula, pale lenzi iliyokuja na kamera yake inapoishia f/5.6, hii inampa mwanga karibu mara 10.