Nyongo ya kuku aliyechanjwa: jinsi ya kuitoa na kuifikisha maabara

Ukichanja kuku dhidi ya kideri kwa tone la jichoni, damu pekee haikwambii yote kuhusu kinga aliyoipata. Kingamwili za damu ya kuku ni IgY zaidi, inayofanana na IgG ya binadamu. IgA, aina nyingine ya kingamwili inayolinda macho, koo na utumbo, hupitishwa na ini hadi kwenye nyongo, na humo hujaa tele. Kwa hiyo ukichinja wiki 2 hadi 3 baada ya chanjo, usitupe nyongo.

Usiku wa kuamkia kuchinja mnyime kuku chakula, maji mwachie. Akila asubuhi, kifuko cha nyongo humwagia utumbo nyongo yake na utakikuta kimesinyaa. Mpasue, inua ini: kifuko cha kijani kibichi kiko upande wa kulia. Kipanguse kwa pamba yenye spiriti, kisha ngoja kikauke kabisa, maana spiriti ikiingia kwenye sampuli huharibu kingamwili. Vuta nusu mililita hadi moja kwa sindano mpya, bila kutoboa upande wa pili. Nyongo ikimwagikia nyama, mlaji atakulaumu. Andika namba kwa penseli, wino huoshwa na barafu. Weka kwenye kasha la barafu na ifike maabara ya Entebbe au Makerere, Uganda, siku hiyo hiyo. Ikibidi kungoja, igandishe mara moja tu. Kuku waliokufa ghafla usiwapasue nyumbani. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya.

Ili kupima IgA hiyo, maabara nyingine hutumia lektini, protini za mimea zinazoshika sukari iliyo juu ya kingamwili. Inayojulikana sana ni jakalini, itokayo kwenye mbegu za fenesi, zile tunazotema kando ya barabara. Ni rahisi, lakini ina mitego. Lektini haijui ugonjwa: hushika pia ute wa nyongo, hata protini za kirusi cha kideri zilizopakwa kwenye sahani ya kipimo, kwa kuwa nazo zina sukari. Basi sahani iwe na kisima (kitundu cha kutilia sampuli) kisichotiwa nyongo, na kingine chenye nyongo ya kuku asiyechanjwa. Kabla ya yote, lektini yenyewe ijaribiwe kama kweli inashika IgA ya kuku, kwani iliyofaa kwa binadamu huenda isifae hapa. Nyongo isiyochanganywa na maji ya chumvi hupasua seli nyekundu, kwa hiyo usiikubali kwenye kipimo cha kushikamanisha seli hizo. Kwa jakalini, ongeza galaktosi, sukari ambayo jakalini huishika, kwenye kisima kimoja: rangi inayoonyesha kuwa lektini imeshika isipopungua, kilichoshikwa si sukari, na jibu hilo usilitegemee.