Uso Mweusi, Kanzu Nyeupe: Kupanga Toni Katika Picha ya Mtu Isiyo na Rangi

Picha za kwanza za harusi nilizolipwa zilinirudi. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe pe, nami nikaiachia kamera ijiamulie mwanga. Kanzu ikatoka kijivu, uso kama mkaa. Mama yake akazipitia moja moja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona umemuunguza?" Tangu siku hiyo, nikipanga toni, yaani viwango vya weusi na weupe, naanzia usoni, nguo baadaye.

Mfano wa leo ni jirani yangu, mzee mweusi, kanzu nyeupe, kofia ya viua, bakora mkononi, ameketi sebuleni kwake.

1. Zima taa, tumia dirisha

Tafuta dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, umkalishe ubavuni mwake, kama mita moja na nusu. Taa ya dari izime, maana inachimba mashimo ya kivuli machoni. Kisha mgeuze: "Mzee, naomba kifua kielekee ukutani, uso uniletee dirishani kidogo." Hapo mwanga unaparaza tu kanzu, lakini uso unaupata sawasawa.

Kanzu bado iling'aa kuliko nilivyotaka, nikatundika shuka jeusi kwenye nusu ya chini ya dirisha. Kifua kikatulia, uso ukabaki na mwanga wake. Kazi ya dakika mbili, na sijaona programu inayoifanya vizuri kama shuka.

Kuna jambo wengi hawaambiwi: ngozi nyeusi huchongwa zaidi na mng'ao kuliko kivuli. Tazama mfupa wa shavu, mgongo wa pua, ukingo wa paji la uso. Dirisha kubwa linaacha hapo mng'ao mpana na laini. Balbu tupu inaacha nukta kali kama ya sufuria. Kwa hiyo mfute jasho, lakini usimpake poda hadi mng'ao wote ufe. Ukiufuta wote, umeufuta uso.

2. Pima shavu

Kamera hudhani kila kinachopimwa ni kijivu cha wastani. Ndiyo maana kanzu huishusha na buibui huipandisha. Weka upimaji wa doa, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu ya picha, pima shavu lililo upande wa dirisha, kisha punguza theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (kupanda stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, kushuka ni kuupunguza nusu). Usipopunguza, mzee atapauka awe mtu mwingine.

Kanzu ikiwa kwenye mwanga uleule hukaa kama stopu mbili juu ya kijivu. Kutoka shavu hadi kanzu ni stopu tatu, yaani mwanga mara nane. Sensa ya kamera ya kisasa, kile kipande kinachopokea mwanga, inazibeba zote mbili bila shida. Shida ni jicho la mtazamaji, ambalo hukimbilia penye weupe kwanza, na ndiyo kazi ya lile shuka.

Wa simu: gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kijifunge, halafu teremsha kialama cha jua kidogo.

3. Ukuta wa nyuma

Upande wa uso wenye kivuli uwe mbele ya sehemu ya ukuta iliyopauka kuliko uso. Usipofanya hivyo, shavu na ukuta vinamezana na mzee anabaki na nusu kichwa. Msogeze mbele ya ukuta mita moja au mbili, kivuli chake kisimfuate.

Nakshi nyuma ya mtu si kosa. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu kwa mwanga wa mchana mbele ya vitambaa vya maua, nao wamevaa nguo zenye maua vilevile. Uso unajitokeza kwa sababu ndio mahali pekee palipo shwari.

4. Fremu

Macho yakae theluthi ya juu, na kila jicho liwe na nukta ya dirisha ndani yake. Usikate kwenye kiwiko wala kiganja. Mikono ya mzee juu ya bakora ilikuwa doa la pili la mwanga, nikaishusha hadi ukingo wa kivuli: ionekane, isishindane.

Sasa finya macho mpaka kila kitu kiwe mabaka. Baka gani linakuita kwanza? Likiwa kanzu, rudi kwenye shuka.

5. Kuediti

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera lenye rangi zote, na kioo kioneshe nyeusi na nyeupe ili ujizoeze kuona toni. Usiondoe rangi kwa kubofya mara moja tu. Tumia kichanganya rangi cha programu ya kuediti, kinachopandisha au kushusha mwangaza wa kila rangi ya asili: kupandisha chungwa kunaifungua ngozi, kupandisha nyekundu kupita kiasi kunafuta midomo. Kushusha chungwa kunatoa mikunjo na makovu. Kwa mzee huyu nilishusha kidogo tu, maana mikunjo yake anaipenda mwenyewe.

Halafu brashi: punguza weupe begani, ongeza kidogo kwenye shavu la kivuli. Nywele na pindo la kofia zibaki na weusi wa kweli, la sivyo picha nzima inakuwa uji.

6. Chapa ndogo kwanza

Karatasi haina taa nyuma yake kama kioo, vivuli vinazama. Chapa ya sentimita 10 kwa 15 ilinionesha sikio la upande wa kivuli limepotea. Nikalirudisha robo stopu, ndipo nikachapa kubwa.