Namna ya kudai dawa zilipiwe kwa wote: tunavyofanya huku Mbeya

Mgonjwa wa presha au sukari wa huku Nyanda za Juu Kusini hashindwi sana kumwona daktari. Anashindwa dirisha la dawa. Cheti cha dawa kinarudi kimewekwa alama, anaambiwa: "Hii ipo, hizi mbili kanunue nje." Kaya yake ya watu 6 imelipia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, shilingi 30,000 za mwaka, lakini mwenye duka la dawa anataka hela mkononi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii upande wa Uyole, na haya ndiyo tunayofanya na vikundi vya wagonjwa. Anayetaka kuanza kwenye kata yake achukue linalomfaa.

Hatua ya 1: Chagueni dawa chache

"Dawa zote bure" inapigiwa makofi mkutanoni, kisha hakuna anayeijibu, kwa sababu hakuna anayeweza kuipigia hesabu. Chagueni tatu au nne zinazomezwa kila siku: metformini ya sukari, amlodipini ya presha, insulini kwa wanaochoma. Hata Kanada, ambako kumwona daktari na kulazwa hulipiwa na serikali, dawa za kuandikiwa ziliachwa nje. Tume ya kitaifa ilipendekeza ziingizwe tangu 1964. Sheria imepatikana 2024, nayo imeanza na dawa za kisukari na za uzazi wa mpango tu.

Kabla ya kwenda mbali, angalieni Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Inapanga dawa kwa ngazi ya kituo. Kama dawa yenu haijaruhusiwa kwenye zahanati, kumlaumu mganga wa zahanati ni kumwonea. Dai lenu hapo ni kushusha dawa ngazi, siyo kujaza rafu.

Hatua ya 2: Kusanyeni vyeti

Hapa ndipo wekeni nguvu. Malalamiko ya mdomo yanaishia mlangoni kwa mtendaji, cheti hakiishi. Tafuteni daftari la mistari na mchore safu: tarehe, kituo, dawa iliyoandikwa, imepatikana au la, bei ya dukani kwa risiti. Ongezeni safu moja ambayo wengi huisahau: mgonjwa alifanyaje baada ya kukosa. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa anakata kidonge cha presha kwa wembe, nusu leo nusu kesho, kifike mwisho wa mwezi. Kwenye takwimu za kituo huyo anahesabika anatumia dawa.

Majina hayaingii daftarini. Ukipiga picha cheti, funika jina na namba ya faili kwa karatasi. Cheti kinataja ugonjwa, na mtaani watu wanajuana. Asiyetaka cheti chake kipigwe picha aachwe, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote.

Hatua ya 3: Jueni dawa inakwama wapi

Kituo cha umma huagiza dawa Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda Mbeya na Iringa. Bohari ikikosa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa huo, mfumo ulioanzia Dodoma mwaka 2014, lakini kwa fedha zake chenyewe. Kwa hiyo dawa ikikosekana kuna maswali mawili: iliagizwa? Na kama Bohari ilikosa, kituo kilikuwa na hela ya mshitiri? Mara nyingi jibu liko kwenye swali la pili. Wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wana msamaha kisera, ila msamaha haununui dawa.

Nendeni kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wawili au watatu, siyo kundi. Kwetu tunaanza hivi: "Shikamoo daktari. Hatujaja kulaumu, tumekuja kujua dawa hizi tatu ziliagizwa lini." Wengi hufungua leja wenyewe, kwa kuwa nao wamechoka kutukanwa dirishani. Akigoma, andikeni barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa siku 30 kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 4: Msigongane na msimu wa kupanda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mipango ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla, na Bunge la bajeti likianza Aprili, namba zimeshafungwa. Tatizo la huku ni kwamba Novemba na Desemba, wakati wa kuingiza hoja, watu wako shambani na mahindi. Kusanyeni vyeti baada ya mavuno, na daftari liwe tayari kabla ya mvua za kwanza.

Hatua ya 5: Pelekeni hoja ngazi kwa ngazi

Anzeni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu, au mkutano wa mtaa kwa wa mjini. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu diwani aipeleke halmashauri. Mwone na mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo, maana yeye yumo wanapopanga matumizi. Kofia na fulana za chama ziachwe nyumbani. Mkitaka mkutano wenu wa hadhara, polisi wapewe taarifa saa 48 kabla.

Kila kikao ombeni hoja iandikwe kwenye muhtasari, na kabla hamjatoka mmuulize katibu ameiandikaje. "Wananchi walilalamikia huduma" haina faida. Mnataka isomeke: "Kituo kitenge fedha za mshitiri kwa metformini na amlodipini."

Hatua ya 6: Mbunge na kitita

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Mbunge akija jimboni msimuulize kama anaunga mkono bima, atasema ndiyo. Mpeni ukurasa mmoja wa jumla za daftari na mmuulize dawa zipi zimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, ngazi gani ya kituo, na kituo kikikosa dawa, nani anamlipia mgonjwa dukani. Swali la tatu ndilo litakalomfanya akae chini.