Kuchaji betri ya lithiamu kwa paneli ndogo ya sola

Betri ya lithiamu haina uvumilivu wa betri ya gari. Ya asidi ukiizidishia chaji huchemsha maji yake. Ya lithiamu huvimba, na ikizidi huwaka moto. Kwa hiyo usiunge paneli moja kwa moja kwenye seli, hata paneli iwe ndogo namna gani. Hapa naeleza pakiti ninayoitengeneza mara nyingi kwa taa na simu: seli nne za 18650 (zile za mviringo, kipenyo mm 18 na urefu mm 65), paneli ya volti 6 wati 10, na bodi ya kuchaji yenye chipu ya CN3791.

Hatua ya 1: Hesabu
Seli nne za mAh 2500 (miliampea-saa) zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni Ah 10 (ampea-saa). Zidisha kwa volti 3.7, unapata Wh 37 (wati-saa). Paneli ya wati 10 kwa saa tano za jua kali ingetoa Wh 50, ila joto, vumbi na bodi yenyewe hula karibu theluthi, zikabaki kama 35. Siku moja ya jua zuri inakaribia kuijaza. Kwa paneli ya wati 3 jiandae kusubiri siku tatu au nne.

Hatua ya 2: Seli
Za kompyuta mpakato chakavu zinafaa, mradi uzipime moja moja. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji mpaka 4.2, ziache wiki nzima, kisha pima tena. Iliyoporomoka chini ya 4.0 iweke kando. Kabla ya kuunga chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, hakikisha seli hazipishani zaidi ya volti 0.05, la sivyo iliyojaa itaimwagia umeme kwa kasi ile iliyopungua. Tumia vishikizo vya seli. Kulehemu juu ya seli kunaichoma kwa ndani.

Hatua ya 3: Bodi ya ulinzi
Bodi nyingi za CN3791 hazizuii betri isiishiwe kabisa, kwa hiyo ongeza bodi ya ulinzi ya seli moja (seli zilizoungwa sambamba huhesabiwa kama moja). Ina alama nne: B+ na B- huenda kwenye seli, P+ na P- huenda nje. Angalia vizuri hasi. Bodi hii hukata umeme upande wa hasi, kwa hiyo ukiunga waya wa taa kwenye B- badala ya P- taa itawaka kama kawaida, lakini ulinzi haupo tena.

Hatua ya 4: Bodi ya kuchaji
Zipo za paneli za volti 6, 9, 12 na 18, na kwa macho zinafanana, kwa hiyo muulize muuzaji. Ya volti 12 kwenye paneli ya 6 haitachaji kitu. Unga betri kwanza (P+ na P- za bodi ya ulinzi), paneli baadaye. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na seli.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka
Hapa ndipo pakiti nyingi hufia. Seli hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45, na kiboksi kilichobanwa chini ya paneli juu ya bati hufika huko kabla ya adhuhuri. Paneli ikae juani, betri ikae ndani kivulini, na kati yao waya mnene. Dar es Salaam au Dodoma, elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo mdogo, kama nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kuosha vumbi. Angalia pia matawi: kivuli cha jani moja kwenye kipande kimoja hupunguza umeme wa paneli nzima.

Hatua ya 6: Pima
Paneli ikiwa peke yake juani, kipimo kisome volti 7 na kitu. Ikiwa inachaji, isome karibu na 6. Ikiporomoka hadi karibu na volti ya betri, bodi si ya paneli hiyo. Siku ya kwanza kaa karibu betri inapokaribia kujaa. Inatakiwa kutulia kwenye 4.2. Ikipita 4.25, chomoa paneli papo hapo na ubadilishe bodi.