Kumfundisha Mtoto Kusoma Nyumbani kwa Njia ya Sauti za Herufi

Mtoto anaweza kuimba alfabeti yote tangu a hadi z bila kukosea, kisha ukamwandikia neno "lima" akabaki akilitazama tu. Amefundishwa majina ya herufi, na majina hayo hayajengi neno. Anayetamka "be-a-be-a" hawezi kusikia "baba" ndani yake, kwa kuwa "be" ni jina la herufi b, wala si sauti inayotoka midomoni tunapoanza kusema "baba". Katika njia ya sauti, mtoto hujifunza kwanza kila herufi inatoa sauti gani, kisha hujifunza kuziunganisha sauti hizo mpaka zimpe neno ambalo masikio yake yanalijua tayari. Mzazi anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwa dakika 10 hadi 15 kwa siku, bila vifaa vingine zaidi ya kadi zilizokatwa kwenye boksi na kalamu nene.

Anayefundisha kwa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hatuitambui. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti moja katika neno lolote; a ya "kaa" ndiyo a ya "daftari". Kiingereza, kwa kulinganisha, kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, hivyo herufi ileile husomwa kwa namna kadhaa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, ukaonyesha kwamba katika nyingi ya lugha hizo watoto walimudu misingi ya kusoma kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha, ilhali wale wa Kiingereza walikwenda kwa mwendo ambao ni chini ya nusu ya ule wa wenzao wenye tahajia nyoofu. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini tahajia yake ni ya jamii hiyo iliyonyooka. Kwa hiyo sioni sababu yoyote ya kumkaririsha mtoto wa Kiswahili sura za maneno mazima, neno baada ya neno, wakati funguo chache tu zinamfungulia maneno yote.

Masikio kabla ya macho

Kabla ya kadi ya kwanza kutolewa, mtoto anapaswa kujua kwamba neno linaweza kukatwa vipande, na hilo hufundishwa kwa mdomo na mikono mitupu. Pigeni makofi pamoja mkitamka "me-za", "ka-la-mu", "ki-ti". Mwulize "kikombe" kikiondolewa "ki" kinabaki nini. Watoto wanaocheza kinyume, ule mchezo wa kuitanguliza silabi ya mwisho ili "soma" liwe "maso" na "paka" liwe "kapa", wanafanya zoezi hili kwa raha zao bila kufundishwa na mtu, na mzazi mwenye busara ataingia mchezoni badala ya kuwanyamazisha.

Baada ya silabi, shukeni kwenye sauti mojamoja: neno "sabuni" linaanza na sauti gani? Ni kitu gani humu chumbani kinachoanza na mmm? Mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin (1904–1984) alibuni zoezi ambalo hadi leo sijaona lililo rahisi kuliko hilo. Chora visanduku vinne kwenye karatasi kwa ajili ya neno "meza", mpe mtoto vifungo vinne, naye asukume kifungo kimoja kwenye kisanduku kila anapotamka sauti moja: m, e, z, a. Herufi bado hazijaandikwa popote. Mtoto anayeweza kufanya hivyo kwa maneno mafupi matatu au manne yuko tayari kukutana na herufi, na hali hiyo huwafikia wengi kati ya miaka minne na sita. Ambaye hajaifikia aendelee na michezo ya masikio, maana kumkimbiza kwenye herufi hakutamsaidia.

Sauti za kwanza na jinsi ya kuziunganisha

Anza na irabu, mbili au tatu kwa wiki. Zikikamilika zote tano, mtoto tayari anaweza kusoma maneno halisi ya Kiswahili: "ua", "au", "oa". Usiudharau wakati huo. Mtoto anapogundua kwamba u na a zikiwekwa karibu zinakuwa kitu kinachochanua, amekwisha kuelewa kusoma ni nini, na yaliyobaki ni kuongeza herufi.

Konsonanti za kwanza ziwe zile zinazoweza kuvutwa kwa pumzi: m, s, l, n. Hapa ndipo watu wazima wengi tunapokosea, kwa kutamka "mu" au "su" tunapoonyesha m au s. Ukimfundisha mtoto kwamba m ni "mu", atasoma m na a kuwa "mu-a", na atakuwa amekusikiliza vizuri kabisa. Funga midomo, vuma "mmmm", na uishie hapo bila irabu yoyote kuchungulia nyuma yake.

Kuunganisha kunafanyika hivi. Weka kadi ya m na kadi ya a mezani, zikiwa zimeachana kiasi cha upana wa kiganja. Weka kidole chini ya m, vuma "mmmm", na wakati sauti bado inaendelea telezesha kidole mpaka kwenye a, mdomo ufunguke wenyewe: "mmmmaaa". Rudia huku kadi zikisogezwa karibu zaidi kila mara, mpaka zigusane na sauti iwe "ma". Kisha mwachie mtoto kidole na kadi. Usimtangulie kulisema jibu, hata akikawia. Kimya cha sekunde tano kinamchosha mzazi kuliko kinavyomchosha mtoto. Kwa a, i, u, m, s na l peke yake anaweza kusoma "lima", "lala", "sisi", "sasa", "simu", "mali" na "simama", na hayo ni maneno ya kutosha kwa wiki nzima.

Sauti za kupasua kama p, t, k, b na d haziwezi kuvutwa. Kwa hizo, mdomo ujiandae kwanza: midomo ifumbwe kwa ajili ya p huku jicho likiwa limekwisha kuiona a, kisha ifunguliwe mara moja, "pa". Zitenganishe b na d kwa wiki kadhaa kwa sababu zinafanana kwa sura, na usiilete r kabla l haijakaa vizuri, hasa ikiwa lugha nyingine inayozungumzwa nyumbani haizitofautishi sauti hizo mbili.

Wengi tulijifunza kwa kughani "ma me mi mo mu", na mpangilio huo una faida, ilimradi usibaki kuwa wimbo. Binti yangu alikuwa akiusoma mstari huo kwa kasi iliyonifurahisha, hadi siku moja nilipofunika silabi nne za mwanzo kwa kiganja na kumwonyesha "mu" peke yake. Alinyamaza, kisha nikaona midomo yake ikinong'ona "ma, me, mi, mo" mpaka alipoifikia. Alikuwa anahesabu nafasi, hasomi. Tangu hapo kadi za silabi tulizoziandika tulizichanganya kama karata kabla ya kusoma, nikaongeza na maneno yasiyo na maana, kama "lomi" na "fedu", ambayo hakuna aliyeweza kuyakariri. Mtoto anayelisoma neno asilowahi kulisikia anasoma kweli.

Maneno marefu

Ugumu wa Kiswahili hauko kwenye tahajia, uko kwenye urefu. Kitenzi kimoja kinaweza kubeba mtendaji, wakati na mtendewa, kwa hiyo sentensi ya neno moja kama "tutakutembelea" ina silabi saba. Mtoto anazisoma zote sawasawa, lakini akifika "a" ya mwisho amekwisha kuisahau "tu" ya mwanzo, naye hubahatisha. Mzazi hudhani mtoto hajui silabi, akamrudisha kwenye kadi za mwanzo, na mtoto anakata tamaa bila kosa lake. Kinachohitajika ni kumpunguzia mzigo wa kukumbuka. Funika neno kwa kipande cha karatasi na ulifunue silabi kwa silabi, naye kila mara aanzie mwanzo: "tu", "tuta", "tutaku", "tutakute", "tutakutembe", "tutakutembele", "tutakutembelea". Akifika mwisho, mwambie alitamke tena kama anavyolisema akizungumza. Agizo hili la mwisho ni la lazima, kwa sababu neno lililosomwa vipandevipande kwa mkazo uleule kwenye kila silabi halifanani na neno analolijua; mkazo unaporudi mahali pake, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, uso wake hubadilika na maana huja.

Baadaye mwonyeshe viambishi vinavyojirudia. Mtoto aliyezoea kuona "ana-", "wana-", "tuta-" na "hatu-" mwanzoni mwa vitenzi huvisoma kwa mara moja, na neno refu linafupika machoni pake.

Herufi mbili kwa sauti moja

Silabi nyepesi zikishakuwa rahisi, leta sh, ch, ny, th, dh, gh na ng'. Ziandike kila jozi kwenye kadi moja, na katika maandishi uzipigie mstari mmoja chini, ili asisome "panya" kuwa "paniya". Ng' na ng zifundishwe kwa masikio kwanza, "ng'ombe" na "ngoma", mkisikiliza kwamba katika "ngoma" kuna g inayosikika; alama ya ritifaa haina maana kwa mtoto ambaye hajaisikia tofauti hiyo. Zinafuata mb, nd, nj, nz, mv, kisha zile za w, kama "mwa" na "kwa".

M inayosimama peke yake inastahili siku yake. Watoto wengi husoma "mtoto" kuwa "mutoto". Pigeni makofi: m-to-to, matatu, na kofi la kwanza lipigwe midomo ikiwa imefumba. Kisha linganisheni "mbuzi" na "mbu". Katika "mbuzi", m imeungana na b na makofi ni mawili, mbu-zi. Katika "mbu" makofi pia ni mawili, m-bu, kwa kuwa hapo m ni silabi kamili inayobeba mkazo. Mtoto hahitaji maelezo ya kisarufi, makofi yanatosha.

Anapokosea

Akisoma "mali" badala ya "meli", usimpe jibu wala usimwelekeze kwenye picha. Weka kidole chini ya e, muulize sauti yake, kisha alisome neno zima upya na sentensi nzima baada yake. Picha humfundisha kubahatisha, na kitabu kisicho na picha kitakapofika hatakuwa na njia. Mimi hufunika picha kwa karatasi mpaka ukurasa usomwe, kisha tunaifunua kama zawadi.

Kuandika kuende sambamba na kusoma. Sauti iliyojifunzwa leo iandikwe leo, kwa kidole kwenye mchanga au kwa chaki sakafuni ikiwa vidole bado havijaimudu kalamu. Imla ya maneno matatu kila siku hufichua mengi: anayeandika "mutu" hajaisikia m, na anayeandika "pana" kwa "panya" hajaimiliki ny. Kugeuza b na d ni jambo la kawaida hadi kama umri wa miaka saba. Lakini ikiwa baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kila siku mtoto bado hawezi kuunganisha m na a, apimwe masikio na macho, kisha uzungumze na mwalimu mwenye ujuzi wa matatizo ya kusoma, kwani disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, ipo katika kila lugha na haimaanishi uvivu wala upungufu wa akili.

Nyumba yenye lugha mbili ianze na lugha ambayo mtoto anaizungumza vizuri zaidi. Ujuzi wa kuunganisha sauti huhama naye kwenda lugha ya pili. Kinachobadilika ni sauti za herufi, na ni heri asikutane na a ya Kiingereza kabla a ya Kiswahili haijamkaa.

Katika muda wote huu endelea kumsomea hadithi zilizo juu ya uwezo wake. Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la kuzidisha mambo mawili, kutambua maneno na kuelewa lugha, na moja likiwa sifuri zao lake ni sifuri. Kadi zinajenga la kwanza. Hadithi na mazungumzo vinajenga la pili. Kwa hiyo akimaliza sentensi yake fupi, muulize swali juu yake: nani amelima, amelima wapi. Aya ileile isomwe siku tatu mfululizo, ya kwanza kwa kidole, ya pili kwa kidole kinachoteleza, ya tatu bila kidole. Ukisikia sauti yake inashuka kwenye nukta bila kuambiwa, kadi zinaweza kuwekwa kabatini.